Rimu Nne za Baba Doris

Mume wangu Thadeus aliendesha malori ya kahawa kwa miaka thelathini na nane, na katika miaka hiyo yote sijasikia hata siku moja kwamba alimuuliza mtu njia. Thadeus hapotei. Akiwa amepotea, anakuwa "amepitia huku kwanza." Nalisema hili mapema ili msije mkashangaa kwa nini rimu nne za gari, ambazo fundi wa mjini angezimaliza kwa siku mbili, zilitumalizia Januari yote, Februari yote, Machi yote na kipande cha Aprili.

Tunaishi Uru, kwenye kihamba alichoachiwa na baba yake: migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja anayeitwa Sista kwa sababu mwili wake wote ni mweusi isipokuwa kichwani, penye weupe kama kitambaa cha mtawa. Thadeus ni mrefu, mwembamba, mkimya mpaka umguse kwenye mambo ya magari. Amka yake ni saa kumi na moja alfajiri, akate majani ya Sista, anywe chai ya rangi akiwa amesimama, kisha azunguke gari lake mara moja akiligonga matairi kwa kiatu. Amestaafu, lakini matairi hayajaambiwa.

Mimi ni Mektrida, ingawa hapa kijijini jina hilo limebaki kwenye cheti cha ubatizo. Naitwa Mama Doris. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi hospitalini miaka thelathini na mmoja, si wodini, bali kwenye chumba cha nyuma ambako vifaa vya upasuaji husafishwa, hufungwa na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke. Wagonjwa hawakutujua. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha kwamba mkasi ukifika mezani kwa daktari, hauna dalili yoyote kuwa umewahi kushikwa na binadamu. Ukiugusa kwa kidole kitupu, unaanza upya. Niliwaanzisha upya watu wengi, na baadhi yao hawanisalimii mpaka leo.

Mambo yenyewe yalianza Krismasi, pale ukoo mzima unaporudi mlimani na magari yanapangwa uani kama yanasubiri kubatizwa. La mbele kabisa lilikuwa Prado jeusi la shemeji yangu Emilian, mdogo wake Thadeus, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Arusha na sauti ya kuongoza vikao. La nyuma kabisa, karibu na banda la Sista, lilikuwa Pijo letu 504, la mwaka ambao Emilian alikuwa bado anavaa kaptula.

Binti yetu Doris alikuwa ametangaza harusi yake: Jumamosi ya pili baada ya Pasaka. Kabla nyama haijaisha kwenye sinia, Emilian alishakuwa mwenyekiti wa kamati. Akaanza kugawa majukumu: huyu pombe ya mbege, yule ndafu ya mbuzi mzima, huyu viti. Alipofika kwenye gari la bibi harusi akajipa mwenyewe, bila kuuliza.

Thadeus, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema maneno ishirini, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu nitampeleka mwenyewe," akasema. "Na Pijo."

Watu wote wakageuka kulitazama Pijo, na ingekuwa heri wasingegeuka. Bodi yake haikuwa mbaya, maana Thadeus huiosha kuliko anavyojiosha yeye. Lakini rimu zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka zimekuwa rangi ya ugoro, na moja ilikuwa na kiraka cha rangi ya bluu ya lango la kanisa, iliyobaki siku walipopaka lango.

"Kaka," Emilian akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda, "gari la bibi harusi ni suala la kamati. Kuna picha. Kuna video. Watu wanatoka Dar, aisee."

Doris akamtazama baba yake, akamtazama baba yake mdogo, akawa kama mtoto aliyeshikwa mikono miwili na watu wanaokwenda pande mbili. Gari hilo ndilo lililomtoa hospitalini akiwa na siku tatu. Ndilo lililompeleka bweni akilia kutoka hapa mpaka Kwa Sadala. Lakini Doris sasa anafanya kazi benki Dar es Salaam, na ana marafiki wanaopiga picha hata chai.

"Baba, tufanye hivi," akasema. "Rimu zikipendeza, napanda Pijo. Zisipopendeza, napanda Prado, na wewe usininunie."

"Zitapendeza," akasema Thadeus.

Basi, hilo ndilo lililokuwa mezani tangu siku ile: nani atakayeshika usukani siku Doris anaondoka nyumbani kwetu. Thadeus hakulisema tena, lakini nilikuwa namwona akilibeba asubuhi na jioni.

Angeweza kuzipeleka rimu mjini kwa fundi. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba rangi ya kupuliza ya kawaida inabanduka mvua mbili tu, na kwamba yeye ameona kwenye simu kuna rangi ya unga. Unga mkavu kabisa, hauchanganywi na chochote. Unaupuliza kwa bunduki yenye umeme, unanata kwenye chuma, unaingiza chuma kwenye oveni, unga unayeyuka, unakauka, na hapo hata ukigonga na jiwe haubanduki. Aliyafahamu yote hayo kutoka kwenye video ya fundi mmoja mwenye ndevu, aliyoitazama zaidi ya mara hamsini. Aliitazama bila sauti. Nilipomuuliza kwa nini hafungui sauti, akasema, "Fundi anatazamwa mikono, hatazamwi mdomo."

Kwa hiyo yote ambayo yule mtu mwenye ndevu alieleza kwa mdomo, Thadeus aliyakosa.

Alinunua kabati la chuma la mafaili kwenye mnada wa vifaa vya ofisi, akalipeleka Njoro kwa Ezra, fundi wa kuchomelea. Ezra akalitia kuta mbili zenye sufi ya kuzuia joto katikati, akafunga koili za majiko mabovu waliyookota sokoni Kiboriloni, na juu akapitisha bomba la chuma la kutundikia vitu. Likarudi Uru kwenye pikipiki ya matairi matatu, na kila aliyeliona likipanda mlima akaona kitu kimoja tu: joko kubwa la umeme lenye bomba la kutundika mbuzi mzima.

Habari zikaenea kwamba Thadeus ameanza biashara ya ndafu. Wiki hiyohiyo jirani mmoja alifika getini akiwa na beberu kwenye kamba, anataka kujua zamu yake. Emilian naye alipita kutoka Arusha, akafungua mlango wa lile kabati, akachungulia ndani na macho yakamlowa.

"Kaka! Kumbe unatuandalia ndafu ya harusi? Ungesema mapema, mimi nilidhani bado umeshikilia yale mambo ya rimu."

"Ni ya rimu," akasema Thadeus.

"Lakini na ndafu inaweza?"

"Emilian, ukila kitu kilichotoka humu utazikwa unang'aa."

Nilicheka mpaka nikaenda kukaa jikoni. Huyo ndiye Thadeus wangu. Anakaa mwezi bila kusema neno, kisha anasema moja linatosha mwezi.

Siku ya kwanza ya kupuliza nilimpelekea chai bandani. Sista alikuwa amehamishiwa upande mmoja, na upande wa pili ndio uliokuwa karakana. Thadeus alikuwa ameisugua rimu ya kwanza kwa brashi ya waya na msasa mpaka ikawa nyeupe. Kazi safi, namsifu. Kisha akaitundika kwenye bomba ili aipulize humohumo. Na hapa nisikilizeni vizuri. Aliitundika kwa kamba ya mgomba.

Sisi watu wa mlimani kila kitu tunakifunga kwa ganda kavu la mgomba. Mzigo wa majani, kuku wa kupeleka kwa shangazi, uzio, mlango wa choo. Ukimpa Mchagga wa Uru waya mpya na ganda la mgomba, atautunza waya kwa matumizi ya baadaye na atatumia ganda. Thadeus aliona yule fundi mwenye ndevu ametundika rimu yake kwa ndoano ya chuma, akafikiri, chuma kitaichubua rimu, mimi nina kitu laini zaidi. Kisha akachukua waya wa ethi, ule unaotoka kwenye mashine ya bunduki, akaubana juu kwenye bomba, kama alivyoona kwenye video.

Niliona kosa kabla sijaweka kikombe. Unga ule unanata kwa sababu umeme unauvuta kwenye chuma. Lazima waya wa ethi uguse rimu yenyewe, au uguse chuma kinachogusa rimu. Hapa waya ulikuwa unasalimiana na bomba, na rimu ilikuwa inaning'inia kwenye ganda la mgomba, haijatambulishwa kwa mtu yeyote. Chumba cha upasuaji kuna mashine ya umeme ya kuzuia damu, na ina sahani inayopaswa kulala kwenye ngozi ya mgonjwa. Sahani ikiwekwa juu ya shuka, mashine haifanyi kazi. Kila muuguzi wa pale analijua hilo.

Nikafungua mdomo. "Baba Doris, hiyo ethi..."

"Mama Doris," akasema bila kugeuka, "hizi siyo sindano."

Nikafunga mdomo. Nikaweka chai juu ya kompresa, ile mashine ya kuipa bunduki hewa, nikarudi jikoni kumenya ndizi. Nilizimenya vibaya sana siku hiyo.

Akapuliza. Unga ukatoka kwenye bunduki kama wingu, ukaipita rimu, ukaenda kumtua Sista. Kidogo kilichobaki kwenye rimu kilikuwa kama vumbi juu ya kabati. Akaifunga oveni, akawasha, ganda la mgomba likaungua, rimu ikaanguka kwa kishindo kilichotoa kuku wote uani. Sista alikaa wiki nzima na pua ya rangi ya fedha, na watoto wa shule wakawa wanapita kumtazama.

Mkiniuliza kwa nini sikusema siku ya pili, nitasema nilikuwa nasubiri aniulize. Siku ya tatu pia nilikuwa nasubiri. Wiki ya tatu nilikuwa bado nasubiri, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kufurahia. Akisema unga ni mbovu, naitikia. Akaagiza unga mwingine. Akisema umeme wa huku juu ni mdogo, naitikia. Akasema ni baridi ya mlimani. Akasema ni pumzi ya Sista, akamhamishia Sista kwa jirani, na kila jioni akawa anatembea kwenda kumkamua huko na ndoo mkononi. Ganda la mgomba akaligundua kwamba linaungua, akalifanya la mikunjo mitatu. Mimi naleta chai, naweka juu ya kompresa, natazama kidogo, naondoka. Sikujua kwamba kumbe nina roho hiyo.

Kwaresima ikaingia. Wengine walifunga nyama, Thadeus akawa kama amefunga kila kitu. Aliacha kuzunguka gari asubuhi. Siku moja mwishoni mwa Machi, nikiwa naanika kahawa, nikamsikia nyuma ya nyumba anaongea na simu.

"Emilian," alikuwa anasema, "lile gari lako... lifanyie sevisi mapema. Eeh. Hapana, haijawezekana. Mimi nitakaa nyuma na mama yake." Kisha akasema tena, "Nashukuru, mdogo wangu."

Miaka arobaini ya ndoa na sijawahi kumsikia akimshukuru Emilian. Niliona aibu. Aibu yenyewe ilinishuka kutoka kichwani mpaka miguuni, nikiwa na punje za kahawa mkononi. Mimi nilikuwa nimelijua jambo lile tangu Januari, neno moja tu, na nilikuwa nimemwacha mume wangu apoteze siku ya binti yake kwa sababu aliniambia hizi siyo sindano.

Nikaenda mpakani mwa kihamba, kwenye masale. Jani la isale ndilo linaloota kwenye mipaka na kwenye makaburi ya wazee, na kwetu aliyekosa akikuletea isale huruhusiwi kumkataa. Unaweza kununa, lakini ni lazima umsikilize. Nikachuma moja, nikalifunga fundo, nikaenda bandani. Thadeus alikuwa anakunja waya za mashine azirudishe kwenye boksi. Nikamwekea jani juu ya kompresa, pale ninapoweka chai.

Akalitazama. "Nani amekosa?"

"Mimi."

"Umekosa nini?"

"Waya wa ethi haugusi rimu. Umebana bomba, na rimu umeitundika kwa mgomba. Mgomba haupitishi umeme, Baba Doris. Unga hauna pa kushika."

Akatazama bomba. Akatazama ganda la mgomba lenye mikunjo mitatu.

"Umejua lini?"

"Siku ya kwanza."

"Januari?"

"Januari."

"Na ulikuwa unaleta chai."

"Na nilikuwa naleta chai."

Alichukua panga, akaenda kukata majani ya ng'ombe ambaye hakuwepo. Alikata mpaka saa saba mchana; hata ng'ombe watatu wasingeyamaliza yale majani. Nilimwona kwa mbali, mgongo wake umenuna. Kisha akarudi, akaliokota isale, akalichomeka kwenye mfuko wa shati, akasimama mlangoni mwa jiko langu.

"Haya," akasema. "Nionyeshe njia."

Naomba mkumbuke nilichowaambia mwanzo. Miaka thelathini na nane barabarani.

Nikamwonyesha, na kama ni kulipa kisasi alinipa nafasi nzuri. Nilimnawisha mikono mpaka viwiko, dakika tano nikizipima kwa saa. Nikamvisha kofia yangu ya zamani ya kazini, barakoa na glavu, na nikamfundisha kutembea mikono ameinua juu, asiguse kitu. Mafuta ya mkono hayaonekani, lakini rangi inayaona. Mikono ya Thadeus ina grisi ya miaka arobaini, ukiiminya inatoka bado. Akawa anatembea bandani mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na jirani aliyekuja kuuliza habari za Sista akarudi mbio kwenda kusimulia.

Ndoano ya chuma. Waya wa ethi ukabana rimu yenyewe, mahali pasipoonekana. Akapuliza. Unga ukaenda moja kwa moja ukakumbatia chuma, hata upande wa nyuma ambako hakupuliza, na Thadeus akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu Doris azaliwe.

Huo haukuwa mwisho wa mafunzo. Rimu ya kwanza ilitoka nzuri kwa macho, lakini nilipoikwaruza kwa ukucha ikabanduka. Alikuwa amehesabu dakika tangu mshale wa oveni ulipofika nyuzi mia mbili.

"Mshale unakwambia habari za hewa," nikamwambia. "Rimu ni nzito, ndani bado imelala. Subiri unga ung'ae kama umelowa, ndipo uanze kuhesabu." Hata mashine yangu ya mvuke ilikuwa na tabia hiyohiyo. Akaisugua upya. Ya pili ikatoka bila dosari. Akarudia ya kwanza, akafanya na ya tatu, na wiki ya Pasaka akaanza tena kuzunguka gari asubuhi. Thadeus hakumpigia Emilian simu ya kumwarifu. Alisema Prado liendelee tu kufanyiwa sevisi.

Ya nne ilibaki kwa sababu ilikuwa na kile kiraka cha bluu ya lango la kanisa, kigumu kutoka kuliko kutu. Tuliifikia Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi. Saa nne asubuhi Thadeus alikuwa amekwisha kuipuliza kwenye stendi ya chuma nje ya oveni, imejaa unga laini kila mahali, inangoja tu kuingia kwenye oveni. Ndipo gari likapiga honi getini. Doris alikuwa amefika kutoka Dar.

Thadeus akavua glavu, akatoka. Nikamwona anasimama mbele ya binti yake bila kujua aanzie wapi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia, na hakuuachia hata Doris alipoanza kuulizia chai. Nadhani ndipo ilipomwingia akilini kwamba Jumamosi ni keshokutwa. Aliporudi bandani macho yalikuwa mekundu, na hakukumbuka glavu. Akaishika ndoano kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaizuia rimu isiyumbe, kidole gumba kikiwa mbele, juu ya unga. Akaitundika kwenye oveni, akarudi nyuma.

Alama ikabaki pale. Kidole gumba kizima, mistari yote. Yeye hakuiona, maana vitu vya karibu havioni vizuri siku hizi, na haamini daktari wa macho.

Mimi niliiona. Nikafungua mdomo. Unga ulikuwa bado mkavu. Ungeweza kupeperushwa wote kwa kompresa, chuma kikafutwa, tukaanza upya. Muda ulikuwepo, unga ulikuwepo. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa nimewaanzisha watu upya kwa makosa madogo kuliko hilo, na sikuwahi kumwonea mtu huruma.

Nikamtazama mume wangu, amesimama mikono ameinua juu kama nilivyomfundisha, sasa ambapo hakukuwa na haja tena. Nikafunga mlango wa oveni mimi mwenyewe.

Jumamosi asubuhi magari mawili yalikuwa uani. Prado la Emilian lilikuwa na riboni kubwa mbele, likisubiri kwa adabu. Pijo lilikuwa mbele yake, na rimu zake nne zilikuwa za rangi ya fedha, zinameta mpaka Sista, aliyekuwa amerudi nyumbani, alikuwa anazitazama. Doris akatoka ndani na gauni lake, wapambe wakilishika nyuma lisiguse udongo. Akalizunguka Pijo mara moja, polepole, kama baba yake anavyolizunguka kila asubuhi, kasoro kulipiga matairi teke.

"Baba," akasema, "nifungulie mlango."

Thadeus akafungua kwa kiwiko. Alikuwa amenawa dakika tano kwa saa, na hakutaka kugusa kitu chochote karibu na lile gauni. Kisha akaenda mbele, akashika usukani, na tukashuka kanisani mwendo wa maandamano, Emilian akitufuata nyuma na riboni zake zisizo na bibi harusi.

Baada ya misa watu walikuwa wanapiga picha. Nikamkuta Emilian amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, suti imevutika mgongoni, anasugua kitu kwa kitambaa chake cha mfukoni.

"Shemeji," akaniita kwa sauti ya chini, ya mtu anayetaka kusitiri aibu ya ndugu. "Rimu hii ina kasoro. Kuna alama ya kidole humu ndani ya rangi, haitoki. Wengine hawajaiona. Mngeniita siku ile ile, ningewatafutia fundi akaiondoa kabla haijaokwa."

"Niliiona kabla haijaokwa," nikamwambia.

Akaisugua tena kwa kitambaa, kama hakunisikia vizuri. Nyuma yake Doris alikuwa anaitwa na mpiga picha, na Thadeus alikuwa amesimama pembeni anapangusa kioo cha Pijo kwa mkono wa koti lake jipya.

"Acha kuisugua, Emilian," nikasema. "Twende, tunasubiriwa kwenye picha."